Mbuzi wa Dawa Hana Jirani

Mbuzi wa dawa hana jirani. Ndivyo alivyosema bibi yenu juzi mkutanoni, yule bwana wa kituo alipouliza ni nyumba zipi za Ivuga zitapenda kupewa mbuzi wapya. Ninyi mlicheka. Njiani mkaniuliza, mama, bibi kayatoa wapi maneno hayo? Nikawaambia tembeeni kwanza. Nyumbani nako nikashindwa kusema, maana nilimkuta baba yenu anapima kwa kamba mahali pa kujenga banda la mbuzi hao. Basi naandika, ili hata nikikatizwa maneno yabaki. Msidhani ni methali ya wahenga. Imezaliwa hapa hapa kwetu, nyumbani kwa mzazi, na nilikuwepo, na chanzo chake ni hiki.

Mnamjua Nakiete, yule anayekaa peke yake kule juu kwenye mikahawa. Mnampita mkienda kuteka maji, mnamwamkia mkiwa mbali. Zamani hakuwa hivyo. Nyumba yake ilikuwa ndiyo ya kuombea moto, chumvi, na hata ugomvi ukitokea watu waliamuliwa kwenye kizingiti chake. Yeye na mumewe Kiondo ndio waliochaguliwa na kituo cha kule bondeni kufuga mbuzi wa dawa.

Mbuzi wale waliletwa kwa gari lenye turubai. Bwana wa kituo alitueleza kwa upole, hata nami nikaelewa. Walichukua kitu kidogo sana cha mwili wa binadamu, kile kinachozuia damu isigande ovyo mishipani, wakakitia ndani ya mbuzi kabla hajawa mbuzi. Akizaliwa, akikua, akizaa, maziwa yake yanatoka na dawa ndani. Wako watu ambao damu yao inaganda wangali hai, na dawa ile inawaponya. Sisemi ni uongo. Ni kweli, na ndiyo maana siachi kuogopa. Jambo baya tungelifukuza mapema.

Masharti yalikuwa mepesi kusikia. Maziwa yasinywewe na mtu wala paka. Mbuzi wengine wote waondoke katika boma lile. Na beberu wa kituo asipande mbuzi wa mtu mwingine. Kiondo aliitikia kila sharti, "Sawa bwana, sawa bwana," kama mtu anayeitikia sala.

Watu walitania sana. Mtu akipita pale kwa Nakiete anapaza sauti, "Shikamoo mbuzi!" Halafu anangoja. "Mbona haitikii? Si mmesema ana kitu cha binadamu?" Na Nakiete anajibu kutoka jikoni, "Ana kitu cha binadamu mwenye adabu, haongei na wapita njia!" Tulicheka. Hakuna aliyeona mahali pa kuogopa.

Lakini sisi hapa tuna desturi, na bwana wa kituo hakuijua. Kwetu beberu hanyimwi. Jike wa jirani akiingia kwenye joto, unamfungulia, na hamwandikiani wala kulipana. Anayenyima beberu ni sawa na anayenyima maji ya kumwosha maiti. Na beberu yule wa kituo alikuwa mrefu, kifua kipana, masikio yameshuka mpaka shavuni. Kila aliyemwona alimtamani kwa zizi lake.

Wa kwanza kwenda alikuwa babu yenu, Mzee Kajiru, Mungu amrehemu. Alimpeleka jike wake amefungwa kamba ya mgomba.

"Kiondo, fungua."

"Baba, huyu hapana. Huyu nimepewa na masharti yake."

"Masharti ya nani?"

"Ya kituo, baba."

"Marehemu baba yako alipoishiwa beberu alikuja kwangu. Nilimwuliza masharti? Au mbuzi wangu ananuka?"

"Sijasema hivyo, baba."

"Basi hujasema. Fungua."

Kiondo aliangalia miguu yake, akafungua. Na ukishamfungulia Mzee Kajiru, utamnyima nani? Wakaja wengine, mmoja mmoja, mchana kweupe. Nakiete alimwambia mumewe, "Utatuletea neno." Kiondo akamjibu, "Neno gani? Mbuzi na mbuzi."

Watoto wa mbuzi wale wakazaliwa wenye masikio marefu. Wakakua, wakazaa, wakakamuliwa. Maziwa yalikuwa meupe kama maziwa. Tuliyatia kwenye chai, tuliwapa watoto kwenye uji. Kama kuna aliyedhurika hatukujua, na kama hakuna hatukujua pia.

Ndipo mke wa mjomba wenu, Namsifu, akajifungua. Alijifungulia zahanati, akatokwa damu nyingi mpaka nesi akawa anaita watu kwa kupiga kelele. Alipona. Aliporudi nyumbani uso wake ulikuwa rangi ya majivu, na nesi alituonya: mpeni vitu vya nguvu, ila damu ikianza tena msikae kuangaliana, mbebeni mkimbie.

Mnakijua kibuyu cha mzazi? Hamkijui, maana kimekoma. Mwanamke akitoka kujifungua, kila nyumba ilileta maziwa ya asubuhi, yakamiminwa kwenye kibuyu kimoja. Hakuna aliyesema haya ni yangu. Mama mkwe alikitikisa mpaka maziwa ya nyumba zote yawe kitu kimoja, na mzazi akanywa, na kwa kunywa kule mtoto akawa wa watu wote. Nyumba isiyoleta ilihesabiwa kuwa na kinyongo.

Siku ile wanawake tulijaa mlangoni kwa Namsifu. Nakiete alikuja na mzigo wa kuni na mkungu wa ndizi, hana maziwa. Wakamtania palepale.

"Nakiete, siku hizi unakamulia kituo tu? Sisi si watu?"

"Mwacheni, maziwa yake yanapanda gari, yatateremkaje kwa miguu?"

Nakiete hakutania. Nilimwona anaangalia kibuyu namna mtu anavyomwangalia nyoka aliye karibu na mtoto. Alijua kila jike aliyepita kwenye boma lake. Alijua na mumewe alivyoahidi kituo. Akinyamaza, hakuna atakayeuliza kamwe. Akisema, amemvua nguo mume wake mbele ya kitongoji kizima, na yeye pia.

Bibi yenu, mama mkwe wake Namsifu, alishatikisa. Alishamimina kikombe, akawa anampa Namsifu mkononi.

"Mama, ngoja," Nakiete akasema. "Maziwa haya yametoka kwa mbuzi gani?"

Wanangu, swali lile kwetu halikuwa limewahi kuulizwa. Ni kama kumwuliza mtu kwenye msiba, machozi yako ni ya kweli? Bibi yenu alisimama na kikombe.

"Umesema nini?"

"Nimeuliza ni ya mbuzi gani, mama."

"Ya mbuzi wa Ivuga. Wewe uliyekuja mikono mitupu ndiye wa kuuliza?"

"Mama, wale wenye masikio marefu ni uzao wa beberu wetu. Dawa iliyomo ni ya kuzuia damu isigande. Huyu juzi damu imekataa kuganda. Mimi sijui kama imo kwenye maziwa haya. Sijui! Lakini asinywe mpaka tujue."

Wanawake wakaanza kupaziana sauti.

"Wangu si wa beberu yule!"

"Si wako? Masikio yale ameyatoa kwa sungura?"

"Na wewe je? Nani alienda wa kwanza baada ya Mzee Kajiru?"

"Kumbe mlijua! Nakiete, mlijua, mkatuacha tuwanyweshe watoto wetu!"

"Ninyi ndio mlitulazimisha kufungua!"

Wanawake waliochota maji pamoja tangu usichana walikuwa wanaonyeshana vidole machoni. Mmoja alimtazama mwanawe mgongoni kana kwamba amemwona leo. Mimi nami, nisiwafiche, niligusa tumbo langu, maana nilikuwa na mimba ya yule wa pili wenu na chai ya asubuhi ile ilikuwa bado kifuani.

Katikati ya kelele zile Namsifu akasema kwa sauti ndogo, "Basi mimi nitakunywa nini?"

Kila mtu alikuwa anaondoka.

Kibuyu kilibaki kimejaa, hakuna wa kukinywa, hakuna wa kukimwaga, mpaka kikachacha. Namsifu akanywa uji wa chumvi. Nguvu hazikurudi, ziwa likakauka, mtoto akalia mpaka sauti ikawa kama ya mlango. Katika kitongoji kile kizima, chenye mbuzi kila boma, mjomba wenu alivuka mlima kutafuta maziwa ya kopo. Hakuna aliyethubutu kutoa ya kwake, na hata angetoa, nani angepokea?

Kituo kilipopata habari wakaja na sindano, wakatoa damu za mbuzi. Waliporudi wakasema huyu anayo dawa, huyu hana, huyu anayo. Wale wenye nayo wakapakiwa garini. Wakasema uzao wa mbuzi wao ni mali yao. Watu waliwaficha mbuzi porini, na majirani wakawaonyesha mahali walipofichwa. Mambo hayo sikuyasikia kwa mtu, niliyaona.

Bibi yenu alimfuata daktari wa kituo kabla gari halijaondoka. "Baba, Namsifu angekunywa, angekufa?"

Daktari hakumdanganya. "Mama, dawa ile inadungwa kwenye mshipa. Ikipita tumboni huenda isifanye kitu."

"Huenda?"

"Huenda, mama. Kwa mzazi wa namna ile sijui."

Bibi yenu akamwambia, "Huenda ni neno la mtu asiye na mjukuu ndani." Akageuka akarudi.

Namsifu alipona polepole. Mtoto naye alipona, ndiye huyu Mbonea mnayecheza naye mpira. Kiondo aliona aibu akahamia bondeni, akaajiriwa huko huko kituoni, na hajarudi. Nakiete akawarudisha mbuzi wote wa dawa kwa mikono yake. Akafagia banda, akalichoma moto, akajenga jingine upande wa pili wa boma. Akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mlima, akarudi na mbuzi mwenye mimba, mfupi, masikio madogo yaliyosimama, mbuzi kama wa bibi zetu.

Mbuzi yule alipozaa, Nakiete alileta maziwa kwa Namsifu. Nilikuwa pale nachambua mboga. Alipiga hodi akapokelewa vizuri. Bibi yenu alishika kibuyu kwa mikono miwili, akasema ahsante mwanangu, Mungu akuongeze. Wakaulizana habari za mahindi. Nakiete akaaga.

Hajafika mbali, bibi yenu akaenda nyuma ya jiko na kibuyu kile, akamimina maziwa yote kwenye shina la mgomba. Alikuwa bado ameinama Nakiete aliporudi. Nakiete alikuwa amekumbuka kwamba hajambeba mtoto. Akasimama pale anaangalia udongo mweupe.

"Mama, ni mbuzi wa kawaida. Nimemtoa kwa dada yangu."

"Najua."

"Huniamini?"

"Nakuamini, Nakiete. Wewe ndiye uliyesema ukweli siku ile, sisi wengine tulikuwa tunatikisa kibuyu. Nakuamini kabisa."

"Sasa kwa nini, mama?"

Bibi yenu aliutazama mkono wake ulioshika kibuyu kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Akaanza kulia, na mnajua bibi yenu halii ovyo. Kisha ndipo akasema yale maneno, wala hakuyasema kwa hasira kama mlivyoyasikia mkutanoni. Aliyasema kama mtu anayeomba radhi.

"Mbuzi wa dawa hana jirani, mwanangu. Hata akishaondoka."

Nakiete alikichukua kibuyu chake, akakifuta udongo kwa upindo wa kanga, akapanda mlima. Hakuleta tena. Wala mwingine hakuleta. Leo mwanamke akijifungua tunampelekea kopo la dukani, likiwa bado limefungwa, na tunahakikisha ameona kwamba halijafunguliwa.

Dawa zitengenezwe, wagonjwa wapone, nami nitasema amina. Lakini mbuzi wa huku analala kwangu, anakula kwako, anapandwa kwa yule, na maziwa yake yanaingia kinywani mwa mtoto ambaye mama yake hakuulizwa. Atakayemleta ataweka uzio wa kuzuia miguu yake. Hofu hatutaweza kuiwekea uzio. Naye Nakiete, aliyefumbua mdomo ili mwenzake asife, hadi leo anakamua kila asubuhi, anakunywa peke yake, na yanayobaki anampa paka.

Ndiyo maana ya neno lile mlilolicheka. Mbuzi wa dawa hana jirani.