Kuwaka si Kukumbuka

“Kuwaka si kukumbuka.”

Mzee Mbonea alisema hivyo bila kuinua kichwa, na makofi yakakatika. Wanafunzi wake wa karakana ya chuo cha ufundi walikuwa wakishangilia: kompyuta iliyoletwa asubuhi ikiwa imekufa ilikuwa imetoa mwanga. Nietiwe, msichana aliyekuwa ameishughulikia, alishusha mikono taratibu.

“Mzee, neno hilo kila mtu huku Upareni analo,” alisema. “Hata mama humwambia kaka, tangu aliporudi kutoka mjini na viatu vya kung’aa asimjue shangazi yake. Lakini lilitoka wapi?”

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akavuta kiti.

“Methali hii ilianza hivi. Palikuwa na fundi mmoja mjini Same, jina lake Mbonea.”

Vijana walitazamana, maana hilo lilikuwa jina lake mwenyewe. Lakini mzee hakusema “mimi” hata mara moja. Alisimulia kama mtu anavyosimulia habari za marehemu.

Fundi huyo alikuwa na kibanda karibu na stendi ya mabasi. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na miwili, mikono yake myepesi, moyo wake mwema. Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: HAPA MGONJWA HALALI. Na kweli hawakulala. Kompyuta ikikataa kuwaka, Mbonea hakuhangaika kuuliza imekula nini. Aliifuta yote, akapandikiza mfumo mpya, kazi ambayo mafundi huiita “kupiga windo”. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake, kama mganga mwenye chupa moja kwa kila ugonjwa.

Tena alikuwa na desturi iliyompatia sifa. Kwao mlimani, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiazima bakuli, utalirudisha na chochote, hata konzi ya maharage. Basi Mbonea naye hakumrudishia mteja mashine tupu. Aliijaza kwaya, mahubiri, filamu za mapigano na mechi za zamani, mpaka ikashiba. Hakuombwa. Alitoa kwa mapenzi.

Jumatatu moja akaja Mwalimu Elinihaki, mstaafu aliyemfundisha hesabu shule ya msingi. Alikuwa ameteremka kutoka mlimani na kompyuta ndogo aliyoizungushia kitenge, kama mtu aliyebeba mtoto.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, baba. Bado unaandika saba kama moja?”

“Nimeacha, Mwalimu. Siku hizi siandiki kabisa, nabonyeza tu.”

Mwalimu alicheka, akakifungua kitenge. “Haiwaki. Inaleta maandishi meupe, kisha inanyamaza. Na Ijumaa kuna baraza, naihitaji.”

“Jumatano njoo uichukue. Itawaka.”

“Kweli?”

“Isipowaka, Mwalimu, nirudishe darasa la kwanza.”

Mwalimu alisimama mlangoni kidogo, kama mwenye neno la kuongeza. Wateja wengine wakaingia, naye akajiondokea. Kwa mawazo yake, kuiponya mashine kulikuwa kama kumponya mtu: akizinduka, anazinduka na kumbukumbu zake. Na Mbonea, kwa mawazo yake, alijiuliza mstaafu anaweza kuwa na nini humo ndani. Barua mbili kwa wanawe, na mchezo wa karata. Hakuuliza. Angeuliza, jibu lingechukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Humo ndani kulikuwa na sauti za wazee kumi na wanne.

Juu ya kitongoji chao kulikuwa na ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya chemchemi, kisha asubuhi hufunguliwa yakashuka kwenye mifereji hadi kwenye tangawizi na maharage. Shamba moja kubwa la bondeni lilikuwa limeleta karatasi zikidai kwamba ndiva hiyo ilichimbwa na wenye shamba wa zamani, kwa hiyo maji ni yao, na shauri hilo lingeamuliwa na baraza la kata. Kitongoji hakikuwa na karatasi. Kilikuwa na wazee walioiona ikichimbwa wakiwa watoto, waliojua kila ukoo ulichimba upande gani. Mwalimu aliwafuata nyumba kwa nyumba kwa miaka saba na kinasa sauti chake kidogo. Kila kikijaa, alihamishia sauti kwenye kompyuta na kukifuta ili aanze na mzee mwingine.

Wazee walimpa sharti moja: neno la ndiva lisitawanywe kabla halijafika barazani. Lisije likawafikia watu wa bondeni, wakajiandaa kulijibu. Mwalimu aliapa. Kwa hiyo hakutoa nakala hata moja. Na mwaka mmoja kabla ya baraza, wa mwisho wao, Bibi Namkunda, naye alizikwa.

Jumatano kompyuta ikawaka. Mwalimu aliupokea mwanga ule kwa mikono miwili, akamwita Mbonea “daktari”. Watu waliokuwa kibandani wakapiga makofi, kama mlivyopiga nyinyi leo. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kilima cha majani mabichi, kilima cha nchi ya watu.

“Imependeza,” Mwalimu alisema. “Sasa nifungulie wazee wangu.”

“Wazee gani, Mwalimu?”

“Lile kabati nililoandika NDIVA.”

“Mwalimu, nimekuwekea filamu hapa. Na kwaya, zaidi ya mia mbili. Utaburudika mpaka...”

“Nimesikia, baba. Ahsante. Wazee wako wapi?”

Mbonea alianza kutafuta, ingawa alijua kwamba hakuna cha kutafuta. Alifungua huku, akafunga kule.

“Nilipiga windo,” alisema hatimaye.

“Ndiyo nini hiyo?”

“Nilifuta, Mwalimu. Ili iwake.”

“Ulifuta nini?”

“Vyote.”

Mtu mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake alicheka, akidhani ni utani. Mwalimu hakucheka. Aliketi juu ya boksi la vipuri, akauliza swali ambalo Mbonea alilibeba maisha yake yote: “Kwa nini hukuniuliza?”

“Ulisema unataka iwake, Mwalimu.”

“Nilisema naihitaji.”

Alfajiri ya Alhamisi walipanda basi kwenda Moshi, kwa mwanamke aitwaye Aikande, aliyesifika kwa kuokoa vilivyopotea kwenye kompyuta. Aliichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akaiangalia kwa muda mrefu huku wale wawili wamekaa kwenye benchi kama ndugu wa mgonjwa.

“Nani aliifuta?” aliuliza.

“Mimi,” Mbonea alisema.

“Kufuta si tatizo sana. Ukifuta, vitu haviondoki siku hiyohiyo. Ni kama kung’oa jina mlangoni, mwenyeji bado yumo ndani. Ungeniletea ikiwa tupu, ningewatoa wengi wao.” Akageuza kioo ili waone. “Lakini baada ya kufuta kuna mtu ameijaza mpaka juu. Kila filamu imelala juu ya kitanda cha mtu. Nani aliyeweka takataka hizi zote?”

Mwalimu ndiye aliyejibu, kwa upole uliouma kuliko kofi.

“Ni zawadi,” alisema. “Kwetu chombo hakirudishwi kitupu.”

Aikande alihangaika mpaka jioni, akapata kipande kimoja. Sekunde kumi na tisa.

Ijumaa baraza lilikaa kwenye ukumbi wa kata. Watu wa bondeni waliweka karatasi zao mezani, zenye mihuri. Watu wa mlimani walijaa hadi madirishani, na kati yao alikuwamo mama yake Mbonea, ambaye tangawizi yake yote ilinywa kwenye ndiva ile. Wote walijua Mwalimu anao wazee. Walikuwa wamengoja miaka saba kuwasikia.

“Maneno ya kuambiwa tu hatuyapokei,” mwenyekiti alisema. “Tunamtaka aliyechimba, au aliyeona kwa macho.”

Mwalimu alisimama, akaiweka kompyuta mezani. Ikawaka upesi, na kile kilima cha kigeni kikang’aa ukumbi mzima ukakiona. Akabonyeza. Ikasikika sauti ya Bibi Namkunda, ya kukwaruza kidogo, na wajukuu zake wakashika vinywa.

“Mwalimu, kimeshaanza kunisikia? Eeh? Nisogee? Haya. Mimi ni Namkunda, nilikuwa binti wa miaka tisa, nikibeba udongo kwa kikapu. Ndiva hii ilichimbwa na...”

Kikafuata mkwaruzo. Kisha kimya.

“Na nani?” mwenyekiti aliuliza.

Mwalimu alirudia kubonyeza. Bibi akauliza tena kama kimeshaanza kumsikia, akasogea tena, akabeba udongo wake, akanyamaza palepale.

“Na nani, Mwalimu?”

“Na sisi,” mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka dirishani. Alikuwa mama yake Mbonea. Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, akaandika kitu, lakini hakuandika hilo.

Shamba la bondeni likapewa ndiva. Kitongoji kikaachiwa maji siku moja kwa juma.

Walipokuwa wakitoka, karani wa baraza, mtu asiye na ubaya, alimshika Mwalimu bega. “Pole sana, Mwalimu. Lakini angalau mashine imepona. Naiona inawaka vizuri kabisa.”

Mwalimu aliitazama kompyuta iliyokuwa kwapani mwake.

“Kuwaka si kukumbuka,” alisema.

Waliokuwa karibu walilisikia neno hilo, wakalipandisha mlimani. Walilisema mifereji ilipokauka. Walilisema tangawizi iliponyauka. Baadaye wakalisema hata kwa mambo mengine: kwa kijana arudiye na suti asiyejua njia ya kaburi la babu yake, kwa kiongozi azinduaye jengo jipya la shule iliyopoteza walimu wake. Mbonea alilisikia sokoni, kanisani, na kwa mama yake mwenyewe, ambaye hakumlaumu hata siku moja. Aling’oa tu ile tangawizi, akaanza kununua ya watu. Mbonea naye alikifunga kibanda. Alikwenda Moshi, akakaa miaka mitatu kwa Aikande akijifunza kazi ambayo angepaswa kuijua kwanza. Aliporudi, Mwalimu Elinihaki alikuwa ameshafariki. Wanasema alikufa akijaribu kuyaandika kwa kalamu maneno ya wale kumi na wanne, akafika wa tatu.

Mzee Mbonea akaishia hapo. Kwenye meza ya Nietiwe kompyuta ilikuwa bado inang’aa. Pembeni yake ilingoja diski ya programu na nyimbo ambayo wanafunzi walikuwa wameiandaa, ili mwenye mashine asiipokee tupu.

“Hii ulishaifuta?” mzee aliuliza.

“Bado, Mzee. Nimeiwasha kwa mfumo wa nje tu, ulio kwenye flashi; vya ndani sijavigusa. Nilikuwa naanza.”

“Ni ya nani?”

“Ya mama mmoja, muuguzi wa zahanati ya juu. Hakusema kilichomo.”

“Ulimuuliza?”

Nietiwe aliizima kompyuta, akaisukuma ile diski ya nyimbo mbali hadi ukingoni mwa meza, kisha akatoa simu mfukoni. Ilipopokelewa alisimama wima, kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake.

“Shikamoo, mama. Ni mimi, wa chuoni. Hapana, bado... Inaweza kuwaka, ndiyo. Lakini kwanza niambie, mama, humo ndani kuna nini?”

Alisikiliza kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika, akamgeukia mzee, macho yamemjaa maji. Hakuna aliyemuuliza ameambiwa nini. Mzee Mbonea alikuwa ameinamia kazi yake tena, na wenzake wakamsikia akilisema kwa sauti ya chini, kama anayemjibu mtu aliyemuuliza zamani sana:

“Kuwaka si kukumbuka.”