Athumani na Minyaa ya Mpakani

Paukwa!

Pakawa!

Mnyaa?

Wa mpakani!

Jicho?

La jirani!

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, aliishi bibi akiitwa Bi Mize. Kazi yake kusuka ukili wa mikeka. Ukimpelekea habari njema, anasuka. Ukimpelekea msiba, anakupa pole, anasuka.

Siku moja akajiwa na Mbaruku, mkulima, panga mkononi, anahema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Panga la nani?"

"La Athumani."

"Kakuazima?"

"Bibi, nakwenda kumkata!"

Sikilizeni basi. Athumani alikuwa jirani yake. Mashamba yao yalitengwa na ua wa minyaa, mti wenye utomvu mweupe. Ukikuingia jichoni, unajuta kuzaliwa na macho. Kila adhuhuri, watu wamejilaza kwa joto, Athumani hufyeka ule ua. Kwa! Kwa! Kwa! Kisha huchomeka matawi ndani ya shamba la Mbaruku. Mnyaa hauna makuu, popote unashika. Mbaruku akija kulima, anakuta shamba limekonda. Akiuliza, Athumani hujibu, "Minyaa inatembea, ndugu yangu."

Na shamba lilikuwa la muhogo. Mwanahija, mkewe Mbaruku, alikuwa ananyonyesha. Bila muhogo hana uji. Bila uji hana maziwa. Bila maziwa, mtoto hana kitu. Ndiyo sababu ya panga.

"Umeshamshtaki?" akauliza Bi Mize.

"Kwa jumbe? Jumbe ni shemeji yake."

"Kwa Mungu."

"Kila swala."

"Basi kesi moja haina mahakimu wawili. Ukitaka kuhukumu wewe, sema, nikamwambie Mungu aache."

Mbaruku akafikiri.

"Usimwambie."

"Mungu si Athumani," akasema Bi Mize, akasuka. Panga likabaki kwake. Bi Mize akawa analitumia kukatia ukindu wa kusukia.

Ua ukasogea tena. Mbaruku akarudi. "Bibi, Mungu amekawia."

"Nikamwambie aache?"

"Usimwambie."

Ua ukasogea tena. Mbaruku akarudi.

"Nikamwambie aache?"

"Usimwambie," akajibu, na safari hii alilia. Alikuwa na uchungu, jamani. Mwanawe anashinda na njaa, jirani anashinda akipiga mluzi.

Hata adhuhuri moja: Kwa! Kwa! Chwaa! Utomvu ukaruka, ukamwingia Athumani macho yote mawili.

"Mama yangu, nakufa! Nilikuwa nausogeza mpaka tu!"

Hakuna aliyemwuliza.

Dawa ya utomvu wa mnyaa kila mtu aliijua: maziwa ya mama anyonyeshaye. Na msimu ule, kijiji kizima, aliyenyonyesha ni mmoja. Wakamkokota Athumani, yowe mbele, mpaka kwa Mbaruku.

Mbaruku akasimama mlangoni. Alifurahi. Nawaambieni kweli, alifurahi mpaka magego yakaonekana.

"Mwanahija, funga mlango! Apofuke!"

Bi Mize alikuwa ameshafika, ukili mkononi. "Hukumu imetoka, mjukuu wangu. Nikamwambie Mungu aache, umalizie wewe?"

Mbaruku akatazama chini. Kisha Mbaruku akajitoa mlangoni.

"Usimwambie."

Mwanahija akakamua maziwa ndani ya kifuu, akatoka nayo. Akamdondoshea Athumani jicho la kulia. Tii, tii, tii. Jicho likafunguka. Akainamisha kifuu juu ya jicho la kushoto. Tii. Kimya. Akakitikisa.

"Ongeza, shemeji!" akalia Athumani. "Mbona machache hivi?"

"Ndiyo yote, shemeji," akasema Mwanahija. "Muhogo umepungua."

Bi Mize alisuka.

Jicho la kushoto halikuona tena. Kwa lile la kulia, Athumani aliurudisha ua pale ulipokuwa, tena akaupitisha kidogo, ndani ya shamba lake mwenyewe. Mbaruku akamwambia ua umezidi. Athumani akajibu, "Minyaa inatembea, ndugu yangu."

Mbaruku akaenda kuchukua panga lake. Lilikuwa butu kabisa.

"Ukimpa Mungu kesi," akasema Bi Mize, "mpe na panga."

Bi Mize alikufa zamani, na neno lake tunalo. Hadithi yangu imeishia hapo, mpakani. Asiisogeze mtu.