Mifuko ya Marando

Kaa chini kwanza. Simu weka mfukoni, itaita baadaye. Hili neno halimfai mtu aliyesimama mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Mama mmoja alikuwa na watoto wawili wa kiume na shamba la matuta, ila mbegu hana. Jua la mwaka ule liliunguza marando yote, yale mashina ya viazi vitamu ya kupandia, hata yale aliyoyaficha nyuma ya bafu ili yanywe maji ya kuogea. Ghalani michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, imebaki ile ya chini kabisa, nusu yake vumbi. Na mawingu yameshaanza kukusanyika. Sasa wewe unajua: mvua ikinyesha na huna rando la kuchomeka, hiyo mvua ni ya jirani, siyo yako.

Kaka yake yule mama alikuwa anaishi mbali, kwenye bonde lisilokauka. Akatuma neno kwamba marando yapo, waje wayachukue. Mama akawaita wanawe, mkubwa Maduhu, mdogo Nkwabi, kila mmoja na baiskeli yake. Akawaambia nileteeni mbegu, mwaka huu sina kingine cha kutegemea.

Wakakaa uwanjani kushona mifuko ya kuning'iniza kwenye keria, mmoja kushoto, mmoja kulia. Maduhu akachukua turubai la lori. Akalikunja mara mbili, akalishona kwa kamba ya katani, chini akapiga mpira wa tairi, juu akaweka mfuniko na mikanda. Mitupu tu, mifuko ile ilikuwa inailaza baiskeli. Nkwabi akachukua viroba vya unga, akapitisha uzi mara moja, kazi imeisha. Akaanza kupiga mluzi.

"Kaka, hiyo mifuko au unajenga nyumba? Mpaka katambuga umeivalisha!"

"Cheka tu, dogo. Hicho cha kwako hata kuku akikidonoa kinamwaga."

"Kimwage, nitakuwa nimeshafika. Wewe utakuwa bado unasukuma."

Mama alikuwa anasikia yote.

Kwa mjomba walifika salama. Wakakata marando mabichi, yanatoa utomvu, wakajaza mifuko mpaka juu. Mjomba akayanyunyizia maji, akawaambia wasilale njiani, maana rando likishakatwa ni kama mtu anayebana pumzi. Wakaondoka pamoja. Jua halijapanda, Nkwabi ameshapotea mbele. Yeye kumsubiri mtu hawezi.

Akapita njia ya mkato, kwenye pori la migunga. Mwiba ukashika kiroba, ukafumua mshono. Hakusikia. Alichosikia ni baiskeli kuwa nyepesi. Kila akikanyaga inazidi kuwa nyepesi, akafikiri ni upepo umemshika mgongoni, halafu akafikiri ni nguvu zake mwenyewe, akaanza kuimba. Mtu anapungukiwa, na anaimba. Nyuma yake marando yanadondoka mchangani, moja moja.

Maduhu akaja nyuma kwa njia ile ile, polepole, miiba inagonga turubai na kuvunjika. Akayaona yamelala njiani. Akajua ni ya nani. Yalikuwa bado mabichi. Akasimama, mguu mmoja chini. Mifuko yake imejaa, mikanda ameikaza, kuifungua ni kazi. Na kusema ukweli, kuna utamu fulani aliusikia moyoni. "Nilimwambia," akasema peke yake. Akapanda, akaendelea. Tairi la nyuma likayakanyaga.

Mbele, kwenye mbuga, mvua ikamkuta. Ule udongo mweusi ukajaa kwenye magurudumu, uzito ukakaa juu ya uzito, rimu ya nyuma ikapinda. Akashuka akasukuma. Jua likitoka anasukuma, mvua ikirudi anasukuma, akilala analala pembeni ya mzigo wake. Mfuniko hakuufungua hata kuchungulia. Aliogopa kitu kisiingie. Kwamba ndani kuna kitu kinatafuta hewa, hilo halikumjia.

Nkwabi alitangulia kufika. Alipogeuka kushusha mzigo akakuta matambara. Kwenye pembe ya kiroba kimoja kimebaki kitita cha marando, konzi moja tu, kijani kabisa. Mama akayapokea kwa mikono miwili kama anavyopokea chochote anacholetewa na mtoto wake, akaenda kuyapanda. Hayakumaliza tuta moja.

Maduhu akaja kutokea baadaye, amelowa tope mpaka nyusi. Majirani wakatoka kuangalia ile mifuko. Haina mchubuko. Hakuna uzi uliokatika. "Hii ndiyo kazi," wakasema, "huu mfuko utamzika mwenyewe." Maduhu akasikia, akavimba kidogo. Akafungua mikanda taratibu, anajua wanamwangalia. Mvuke ukatoka. Halafu harufu. Marando yalikuwa yamejipika yenyewe mle ndani, meusi, yanateleza kama mlenda.

Basi ikawa kelele.

"Vyangu angalau vimefikisha kijani!"

"Kijani gani, konzi? Yangu imefika mizima!"

"Mizima na uozo ndani!"

"Afadhali uozo kuliko upepo!"

Watu wazima wawili wanabishania mifuko kwenye mvua. Nyuma yao shamba zima liko wazi, matuta yamepangwa vizuri, yanakunywa maji bure.

Mama akawaacha mpaka wakachoka. Akamuuliza Maduhu kama aliyaona marando ya mdogo wake njiani. Maduhu akaangalia chini. Nkwabi akataka kucheka, mama akamgeukia, akamuuliza kama safari nzima aligeuka nyuma hata mara moja. Nkwabi naye akaangalia matambara yake. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, maana aibu ya nyumba ya mtu haina kiti cha mgeni.

Ndipo yule mama akasema, wala hakupandisha sauti: "Mimi sikuwatuma mifuko. Niliwatuma mbegu."

Akaingia ndani, akatoka na kisu na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akaviweka chini katikati yao. Mvua bado ipo, lakini si ya kuchezea. Mjomba bado ana marando. Baiskeli iliyobaki nzima ni moja, na kesho asubuhi lazima itoke, la sivyo nyumba ile itakula vumbi la ghala mpaka liishe, na baada ya hapo haijulikani itakula nini. Turubai likienda lote, mbegu itakufa ndani. Kiroba kikienda peke yake, mbegu itabaki njiani. Wote wawili walikuwa wanalijua hilo sasa. Walijua mfuko utakaofika utashonwa kwa vyote viwili, na hautapatikana bila kitu kukatwa.

Wakachuchumaa. Maduhu akaangalia viroba vya mdogo wake. Nkwabi akaangalia turubai la kaka yake. Kila mmoja aliona vizuri kabisa pa kukata, kwenye mfuko wa mwenzake. Mama amesimama mlangoni, mvua inapiga bati, hakuna aliyenyoosha mkono.

Sasa wewe uliyekaa hapo. Matuta matupu unayaona, na kisu kiko mbele yako. Ungeanza kukata mfuko wa nani?