Mbuzi wa Delfi

Ukimlowesha mbuzi mpaka atetemeke, umejijibu mwenyewe. Mmeisikia, mmecheka, na sasa mnataka kujua ni mbuzi gani. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Zamani sana huko Ugiriki, watu walipanda mlima hadi Delfi kumuuliza mungu Apolo mambo yaliyowashinda. Hekaluni aliketi bibi mwaguzi, na mungu alisema kwa kinywa chake, siku moja tu kwa mwezi. Lakini hakuna aliyemfikia bibi bila kupitia kwa mbuzi. Kuhani alimnyunyizia mbuzi matone ya maji baridi. Akitetemeka kuanzia kwato hadi masikio, mungu yupo, ingia. Akitulia, mungu hayupo, rudi mwezi ujao.

Eurito, mkuu wa kisiwa kilichokaushwa na ukame, alifika na dada yake Timandra. Nyumbani, kaya thelathini zilikuwa zimefunga mizigo zikingoja neno moja: zihamie ng'ambo, nchi zisiyoijua, au zibaki? Kufika mwezi ujao bahari ingekuwa imechafuka, na safari isingewezekana tena.

Kuhani akanyunyiza. Mbuzi akamtazama Eurito kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mtoro, akaendelea kucheua.

"Mungu hayupo," kuhani akasema.

"Huyo hata hajayasikia maji. Ongeza!"

Kuhani akanyunyiza tena. Mbuzi akacheua. Eurito akanyakua ndoo, akammwagia. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya tano mnyama maskini akatetemeka mwili mzima, mpaka ndevu.

"Ametetemeka! Nyote mmeona!"

"Hata wewe ungetetemeka, mkuu," kuhani akajibu. "Hiyo ni baridi, si mungu." Akafunga mlango.

Timandra alikuwa amepiga magoti, akimkausha mbuzi kwa ushungi wake. "Kaka, kama jibu ulikuwa nalo, mlima huu ulinipandishia nini?"

"Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini? Nikisema Apolo kakubali, watapanda vyombo wote."

"Na wakifa?"

Mlima wote ule Eurito alikuwa ameupanda kutafuta wa kumtwisha lawama.

"Sema ni wewe," Timandra akamwambia. "Mwanangu nitampakia kwa neno lako. Ila usinidanganye kwamba ni la mungu."

Walipofika kisiwani watu wakawazunguka. "Mungu amesemaje?"

Eurito akawasimulia habari ya mbuzi na ndoo zake tano, kisha akasema, "Hakusema. Mimi ndiye ninayesema twende."

Kaya kumi na tisa zikafungua mizigo yao palepale. Kumi na moja ziliondoka naye, Timandra akitangulia na mwanawe mgongoni.

Tangu hapo, kisiwani, mtu aliyekataa ushauri wa wanne akamwendea wa tano, wa tano humtazama tu na kumwambia: ukimlowesha mbuzi mpaka atetemeke, umejijibu mwenyewe.