Kijana wa Kisimani na Bakuli la Uji

"Mwenye mtu kisimani haketi kula." Mmeyasikia maneno haya leo, wajukuu zangu, na mnauliza yametoka wapi. Sogeeni niwaeleze.

Ilikuwa siku ya tisa ya mwezi wa tatu, na asubuhi hiyo mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna upepo. Katika mji mdogo wa Shiqiao, kaskazini mwa China, msimulizi aitwaye Guo Laifu alisimamisha ngoma yake sokoni. Mkono wa kulia alishika kijiti cha ngoma, wa kushoto vibao viwili vya shaba vya kugonganisha. Alisimulia habari za askari kijana aliyekuwa akirudi kwao. Alipofika pale kijana anapotumbukia katika kisima kikavu, akanyamazisha vibao.

"Atatoka, hatoki? Njooni kesho!"

Akaenda kula. Ndivyo wasimulizi wote walivyofanya, ili watu warudi.

Kesho yake mvua ikanyesha, na kesho kutwa pia. Ngozi ya ngoma ikalegea, soko likawa tupu. Guo akajikalia katika nyumba ya wageni, akila tambi za moto. Ndipo akaingia mwanamke aliyelowa chapachapa, jina lake Cuiping.

"Mzee Guo, mtoe yule kijana kisimani."

"Kuna nini, binti yangu?"

"Mavyaa wangu, Bi Niu, tangu alipokusikia sokoni hataki kula. Anasema, 'Nitakulaje, na mtoto wa watu yuko kisimani hajatia kitu mdomoni?'"

Guo akacheka. "Mwambie yule ni wa maneno tu. Hana tumbo."

"Nimemwambia. Akasema mwenye maneno tu ni mimi." Cuiping hakucheka. "Mwanawe, ndiye mume wangu, alikwenda kujenga kingo za mto. Tangu majani yapukutike hatujasikia habari zake. Sasa mama hana nguvu hata za kuketi."

Guo akasukuma bakuli lake. "Lakini ngoma imelowa. Mwalimu wangu alikataza kusimulia bila ngoma."

"Na vibao navyo vimelegea?"

 Guo akavichukua vibao, akamfuata.

Bi Niu alikuwa amelala, uso ameuelekeza ukutani. Majirani waliposikia vibao wakaingia mmoja mmoja, wakikung'uta maji. Guo alisimulia polepole, akipiga meza kwa kiganja mahali pa ngoma. Mchunga kondoo akasikia sauti kisimani, akateremsha kamba. Kijana akatoka, akarukia farasi wake...

"Ngoja," akasema Bi Niu, akigeuka. "Anaondoka na njaa?"

Katika hadithi aliyofundishwa Guo, hakuna aliyekula. Akagonga vibao.

"Hapana, mama. Mchungaji alimketisha kwanza. Akampa uji wa mtama, bakuli limejaa."

"Ameumaliza?"

"Anakungoja wewe uanze."

Cuiping akaleta uji mbio. Bi Niu akashika bakuli kwa mikono yote miwili, akanywa, na majirani wakaishukuru Mbingu kwa sauti.

Guo akainua vibao vyake mbele ya wote.

"Ninyi ni mashahidi wangu. Nimekula na kushiba huku nimemwacha mtu kisimani, nisijue kwamba mama huyu yuko naye humo. Kuanzia leo sitaweka vibao hivi chini kabla kamba haijamfikia aliye kisimani. Mwenye mtu kisimani haketi kula."