Fundo la Kofia ya Kulalia

Fundo la ndani halimchomi mtazamaji. Jana mlimsikia shangazi yenu akimjibu hivyo jirani aliyemsifia ndoa yake, mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalianza hivi.

Zamani, bi harusi akitimiza siku saba alimpa mumewe kofia ya kulalia aliyoishona kwa mkono, wanawake wa ukweni wakiikagua kwanza. Mwanamize alishona yake kwa bafta laini, tabaka mbili, kama alivyofunzwa kwao: mafundo yote ya uzi nje, ili kichwa kilale penye ulaini.

Wifi yake, Shekuwe, aliigeuzageuza akacheka. Akauliza kama ile ni kofia au mgonjwa wa ndui. Wao walizoea kofia za kutokea, fundo ndani, na kanji ya kuikaza juu. Akamwamuru aifumue aishone upya namna hiyo. Mwanamize akaeleza kwamba kofia ya kutokea husimama juu ya kichwa, lakini ya kulalia hukandamizwa na mto. Nani amsikilize? Akaifumua, akaishona upya. Safari hii wote waliisifu.

Lali, mumewe, aliivaa usiku mmoja tu, akaamka paji limejaa vipele. Shekuwe akatangaza kwamba kofia imetiwa dawa. Kufika adhuhuri, alikuwa ameshazifunga nguo za Mwanamize kitita na kukiweka mlangoni, arudishwe kwao na jina la uchawi.

Mwanamize hakulia. Aliichukua ile kofia.

"Wifi, kofia hii nzuri?"

"Nzuri. Ubaya uko kwa aliyeishona."

"Basi ivae. Ulale nayo hapa, mbele ya mama, mpaka wali uive."

Shekuwe akaona haya kukataa. Mama mkwe mwenyewe akaleta mto. Maji ya wali hayajakauka, Shekuwe alishaanza kujikuna. Akaivua, paji jekundu. Mama mkwe akapitisha kidole ndani ya kofia, akayagusa mafundo.

"Mlikuwa mnaitazama," Mwanamize akasema. "Fundo la ndani halimchomi mtazamaji."

Lali akainama afungue kitita. Mwanamize akamzuia.

"Aliyefunga ndiye atakayefungua."

Shekuwe akapiga magoti, akafungua, watu wakitazama.

Kwa hiyo, wanangu, mkimwona mtu ana nyumba nzuri, msimwambie hana haki ya kulalamika. Nyinyi mnaiona kofia, kichwa ni chake. Fundo la ndani halimchomi mtazamaji.