Bi Pelele na Tundu la Ziwa

Paukwa!
— Pakawa!
Ziwa lipo?
— Lipo!
Lina mwenyewe?
— Halina!
Basi alikuwako Kiboko aliyesema lina mwenyewe, na mwenyewe ni yeye.

Juu mlimani, ndani ya hifadhi ya msitu, palikuwa na ziwa dogo la mviringo kama bakuli. Jua likichoma, wanyama walikwenda huko kupunga upepo, kuogelea na kula vyakula vyao ufukoni. Lakini kila aliyefika na kapu, Kiboko alitoka majini, chubwi, chubwi, chubwi, akapanua kinywa akasema, "Kapu chini!" Kapu likawekwa chini. Kiboko akala, ngwafu, ngwafu. Kisha akarudi majini, tubwii!

Siku hiyo Bi Pelele alipanda mlima na wanawe. Pelele ni mnyama wa mitini, mdogo kama paka, ila sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Tangu masika alikuwa amewaahidi watoto: tutaogelea, kisha tutakula viazi vitamu. Hata kapu hajalifungua, chubwi, chubwi, chubwi.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Kapu chini!"

"Jamani Bwana, ni viazi vya watoto."

"Hata mimi nilikuwa mtoto zamani. Kapu chini!"

Akala, ngwafu, ngwafu, maganda hakubakiza. Akarudi majini, tubwii! Watoto wakaangua kilio. Bi Pelele akakaa juu ya jiwe, miguu majini, moyo unamchemka.

Mara akatokea Kima na ndizi zake mbivu. Kiboko akatoka, chubwi, chubwi, chubwi. Bi Pelele akashtuka: maji yaliyokuwa magotini yameshuka hadi vifundoni! Kiboko akafakamia ndizi, akarudi, tubwii! Maji yakapanda tena magotini.

"Alaa!" akajisemea Bi Pelele. "Kumbe jitu likitoka, maji yanashuka. Likiingia, yanapanda."

Akaokota kijiti, akakichomeka pale pale maji yalipoishia. Akatulia.

Haukupita muda, akaja Mama Kanga na sufuria ya wali wa nazi, unanukia msitu mzima. Kiboko akatoka mbio, chubwichubwichubwi!

"Kreee! Kreee!" Bi Pelele akapiga yowe hadi majani yakapukutika. "Ziwa linavuja!"

Kiboko akasimama, mguu mmoja hewani. "Linavuja? Ziwa langu?"

"Tazama kijiti hiki, Bwana. Ulipokuwa ndani, maji yalikigusa. Sasa yako wapi?"

Kiboko akatazama. Maji yako chini, kijiti kimeachwa peke yake mchangani. Mwili ukamsisimka, maana Kiboko akikosa maji, jua humpasua mgongo.

"Tundu liko wapi?"

"Pale katikati unapolala, hapajabonyea?"

"Pamebonyea!"

"Ndilo tundu lenyewe! Umelikalia siku zote bila kujua. Wewe ndiye kizibo, Bwana. Rudi upesi!"

Kiboko akajitupa, tubwii! Maji yakapanda, yakakigusa kijiti.

"Yamepanda?"

"Yamepanda! Usitikisike!"

Kiboko akautazama wali. Mate yakamchuruzika. "Nitoke kidogo tu, nionje?" Akainuka. Maji yakashuka.

"Linavuja!" wakapiga kelele Kima, Kanga na wote waliokuwapo. Kiboko akakaa haraka, akajikandamiza matopeni.

Mama Kanga akafunua sufuria, akampakulia kila mmoja. Watoto wa Bi Pelele wakaogelea, wakala, wakaogelea tena. Binti yake mdogo akamnong'oneza, "Mama, hilo tundu liko wapi hasa?"

"Liko usoni mwako," akajibu Bi Pelele. "Litie wali."

Tangu hapo Kiboko hukaa majini mchana kutwa, macho na pua tu ndivyo vilivyo juu. Akisikia harufu ya chakula huuliza kwa unyonge, "Jamani, bado linavuja?" Na walioko ufukoni, mashavu yamewajaa, humjibu, "Sana! Kaa hapo hapo!"

Hadithi yangu imekauka hapo. Mwenye kiu akachote kwingine.

Na funzo lake, watoto, ni hili: msiwadanganye wakubwa wenu, maana uwongo una adhabu kali. Bi Pelele alidanganya siku moja tu, na jioni ile tumbo lilimuuma vibaya sana. Kwa shibe.